Makato ya malipo ya mtandaoni: mnamtozaje mteja bila kujipunja?

FundiTovuti_Ntinda

Habari za kazi, wakubwa. Natengeneza tovuti na kuzitunza kwa wateja wa kawaida tu: maduka, zahanati, shule za chekechea, kampuni mbili za utalii. Ankara nyingi ni kati ya shilingi za Uganda 400,000 na 3,500,000. Wengi walikuwa wanalipa benki. Sasa kila ankara ina kiungo cha kulipia mtandaoni kwa MTN, Airtel au kadi, kupitia kampuni ya malipo yenye leseni ya Bank of Uganda. Kwa mkataba wangu makato ni 3% kwa pesa za simu na 3.5% kwa kadi, yote juu ya muuzaji.

Naomba msaada kwenye haya:

Ukiongeza 3% juu ya ankara, kinachoingia bado kinapungua kidogo. Hesabu yenyewe ikoje?

Je, makato yawe mstari wake kwenye ankara, au yazamishwe ndani ya bei?

Nimesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na natoa ankara za EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (Mamlaka ya Mapato Uganda). Huo mstari wa makato una VAT au hauna? Nimeona watu wanauacha bila kodi kwa hoja kwamba "si mapato yangu, ni ya kampuni ya malipo".

Na mteja wa nje anayelipa kwa kadi, naye anatozwa vilevile?

---

Mhasibu_Mbale

Ssebo, hesabu yako ni ya kugawanya, si ya kuongeza. Kampuni ya malipo haikati 3% ya ankara yako. Inakata 3% ya kila shilingi aliyolipa mteja, na humo imo hata ile nyongeza uliyoweka ya kufidia makato.

Chukua 1,000,000. Ukiongeza 3% mteja analipa 1,030,000. Makato ni 30,900. Unapata 999,100, umepungukiwa 900.

Sasa gawanya: 1,000,000 ÷ 0.97 = 1,030,928. Makato ni 30,928, mkononi inabaki milioni yako. Kwa kadi ya 3.5% unagawanya kwa 0.965, mteja analipa 1,036,270. Kama mkataba una kiasi cha kudumu kwa kila muamala, tuseme 500, kiongeze kwanza ndipo ugawanye: 1,000,500 ÷ 0.97 = 1,031,444.

Kusema kweli hizo 900 hazimuui mtu. Panapovuja pesa ni kwenye VAT, na hapo karibu kila mtu anakosea, kwa hiyo nitakaa hapo.

Mstari wa makato una VAT ya 18% kama mistari mingine ya ankara. Ile hoja ya "si mapato yangu" haisimami, kwa sababu mkataba na kampuni ya malipo ni wako, huduma ya kupokelewa pesa umeuziwa wewe, na mteja hana uhusiano wowote nao. Yeye anakulipa wewe kwa kazi ya tovuti, na thamani inayotozwa kodi ni yote anayokulipa kwa kazi hiyo, uite bei, usafiri, au makato. Ingekuwa tofauti kama ungemlipia kitu chake: kwa mfano jina la tovuti lililosajiliwa kwa jina lake na risiti ikatoka kwa jina lake, ukamdai gharama ileile bila kuongeza hata shilingi. Hapo wewe umepitisha pesa tu. Kwenye makato hupitishi pesa ya mtu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalioni: kampuni ya malipo inakata kamisheni juu ya jumla yote, *pamoja na VAT*. Yaani unalipa 3% hata kwa pesa ambayo ni ya URA na haikai kwako. Kwa hiyo anayetoza VAT hagawanyi kwa 0.97. Anazidisha kwanza kiwango cha makato kwa 1.18: 3% × 1.18 = 3.54%. Halafu anagawanya kwa 0.9646.

Tuifuate mpaka mwisho, kwa kazi ya 1,000,000 kabla ya VAT:

Bei mpya kabla ya VAT: 1,000,000 ÷ 0.9646 = 1,036,699
VAT 18%: 186,606
Mteja analipa: 1,223,305
Makato 3%: 36,699
Yanayoingia benki: 1,186,606
Toa VAT ya URA 186,606: inabaki 1,000,000

Kwenye ankara basi mstari wa makato ni 36,699, si 30,928. Kwa kadi kiwango ni 3.5% × 1.18 = 4.13%, unagawanya kwa 0.9587.

Ukigawanya kwa 0.97 kama asiyetoza VAT, kisha ukaweka VAT juu, utapungukiwa 5,567 kwa kila milioni. Na yule anayeuacha mstari wa 30,928 bila VAT kabisa, siku mkaguzi akisema kiasi chote kilikuwa na kodi ndani, hesabu yake inarudi hivi: amepokea 1,210,928, makato 36,328, VAT iliyomo 184,718, anabaki na 989,882. Zaidi ya 10,000 zimepotea kwa kila milioni, na hapo sijagusa adhabu wala riba.

EFRIS yenyewe: mstari wa makato uwe ndani ya ankara ileile ya kazi, usiutolee ankara ya pembeni. Kwenye orodha ya bidhaa na huduma zako ongeza kitu kipya, mfano "Gharama ya kulipa mtandaoni", na ukipe aina ya huduma unayoiuza wewe. Wapo wanaoenda kuchagua aina ya huduma za kifedha kwa kuwa huko VAT haitozwi. Wewe huna benki. Usifanye hivyo.

---

Jumla_Kikuubo

Mhasibu amemaliza hesabu, ila mimi swali la pili nalijibu kwa mkato: zamisha kwenye bei. Mteja anayeona mstari wa "makato" anaanza kubishana juu ya 36,000 na kusahau kwamba alishakubali milioni. Ukimwambia bei ni 1,030,000 hauliziwi kitu.

Namna ya kupata kiwango cha kuzamisha: chukua mauzo ya miezi kadhaa, uyagawe kwa njia ya malipo *kwa kiasi cha pesa*, usihesabu idadi ya wateja. Wateja kumi wa simu wanaolipa laki nne hawana uzito sawa na wawili wa benki wanaolipa milioni tatu na nusu. Tuseme 60% ya pesa inakuja kwa simu, 15% kwa kadi, 25% benki. Kiwango cha wastani ni 1.8 + 0.525 + 0 = 2.325%. Kwa mwenye VAT zidisha kwa 1.18 kama alivyosema Mhasibu, unapata 2.74%. Kila milioni ya bei inapanda kama 28,200. Basi. Rudia hesabu kila baada ya miezi michache, maana kiungo kikizoeleka wa benki nao wanahamia simu na wastani wako unapanda.

Na kwa anayelipa benki, mpe punguzo kidogo. Mtu hukasirika akiongezewa 20,000, akipunguziwa 20,000 anakushukuru, na mfukoni ni kilekile.

Angalizo kwa wenye maduka wanaosoma hapa: anayelipa kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo, wale wa mauzo yasiyozidi milioni 150 kwa mwaka, anatozwa juu ya mauzo ghafi. Makato hayakatwi popote. Ukiongeza makato kwenye bei, mauzo yako yamepanda na kodi inapanda nayo. Kiwango ni chini ya 1% kwa anayeweka kumbukumbu, kwa hiyo ni kidogo, lakini usije ukaandika mauzo kwa kiasi kilichoingia benki baada ya makato. Mauzo ni alicholipa mteja.

---

Mhasibu_Mbale

Hilo la mwisho lina uzito hata kwa wasio wadogo. Ankara ya 1,223,305 ikilipwa, kwenye vitabu unaandika hivi: benki 1,186,606, gharama za makato 36,699, na upande wa pili mauzo 1,036,699 na VAT 186,606. Kampuni ya malipo inaweza kukuwekea pesa ya miamala saba kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo taarifa ya benki haikuambii lolote. Pakua ripoti yao ya miamala inayoonyesha kiasi kamili, makato na kilichobaki kwa kila muamala, uilinganishe na EFRIS ankara kwa ankara. Kama kwenye makato yao wameweka VAT, dai ankara yao ya EFRIS, maana bila hiyo huwezi kuidai VAT hiyo kwenye ritani yako.

Kuhusu kuzamisha kwenye bei, nakubaliana na Jumla kwa bidhaa za dukani. Kwa ankara za milioni tatu nina shaka. Mteja mkubwa anayelipa benki kila mara anakuwa anawabebea wa kadi, na siku akiomba bei kwa mwenzako ambaye hajazamisha kitu, unaonekana ghali.

---

FundiTovuti_Ntinda

Asanteni sana. Nimebaki na mawili. Ankara ya EFRIS nikiitoa na mstari wa makato, halafu mteja akaamua kwenda benki, inakuwaje? Na nina mteja wa shirika ambaye kila akilipa anakata 6%. Hiyo nayo naigawanya kwenye bei?

---

Mhasibu_Mbale

La pili kwanza: hapana, hapana kabisa. Ile 6% ni kodi ya zuio. Mawakala walioteuliwa na URA wanaizuia wanapokulipa zaidi ya 1,000,000, na inahesabiwa kwa thamani kabla ya VAT. Si makato, ni kodi yako ya mapato iliyotangulia kulipwa kwa TIN yako (namba yako ya mlipakodi). Hakikisha cheti chake kinaonekana kwenye akaunti yako ya URA, utakitumia kupunguza kodi ya mwaka. Ukiipandisha kwenye bei umemtoza mteja kodi yako ya mapato, na shirika lenye idara ya manunuzi litakurudishia ankara siku hiyohiyo. Wengine pia wameteuliwa kuzuia sehemu ya VAT, nayo ni 6% ya thamani kabla ya VAT. Hiyo unaidai kwenye ritani ya VAT.

Ila kuna tatizo la kiufundi: kiungo cha malipo kinafungwa kwenye kiasi kimoja. Kwa mfano wetu, anayezuia 6% anatakiwa alipe 1,223,305 − 62,202 = 1,161,103, na kiungo kinamlazimisha alipe yote. Mteja wa aina hiyo mpe namba ya akaunti ya benki, na ankara yake isiwe na mstari wa makato kabisa.

Kwa swali la kwanza: ankara ya EFRIS ikishatoka haifutwi. Unaomba kuirekebisha kwa hati ya kupunguza (credit note), yenye sababu, na inasubiri kukubaliwa. Kufanya hivyo kila wiki kwa sababu ya 36,699 ni kujitafutia maswali. Kwa hiyo tuma profoma (ankara ya awali tu, isiyo ya EFRIS) kwanza, yenye bei mbili zinazoonekana wazi, ya benki na ya mtandaoni. Mteja akichagua njia, ndipo EFRIS inatoka na kiasi halisi. Usiitumie profoma kuchelewesha ankara ya kazi iliyokwisha kukabidhiwa, maana wajibu wa VAT unaanza na lile linalotangulia kati ya kukabidhi, kulipwa na ankara. Kwa hiyo makubaliano ya njia ya malipo yafanyike kabla ya kukabidhi.

Maneno ya profoma yanaweza kuwa haya:

"Ukilipa benki: 1,180,000. Ukilipa kwa kiungo kwa pesa za simu: 1,223,305, ikiwa na gharama ya kulipa mtandaoni 36,699 na VAT yake. Gharama hii hairudishwi kazi ikishaanza."

---

Utalii_Kabale

Nijibu la wateja wa nje. Kuna mambo matatu wa mjini hawayagusi.

La kwanza ni kibali cha kuona sokwe (gorila). Mgeni asiye mkazi analipa dola 800 kwa kibali, kiwango kilichoanza Julai 2024, na pesa hiyo yote inaenda UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda). Kampuni ya utalii ikiuza kifurushi kwa kadi ya 3.5%, inakatwa dola 28 kwa kila kibali, pesa ambayo haijapata faida ndani yake. Kundi la watu sita ni dola 168 kabla hujaweka mafuta kwenye gari. Watu huhesabu makato juu ya faida yao wakati yanakatwa juu ya kifurushi kizima. Wewe Fundi ukiwatengenezea hizo kampuni mbili ukurasa wa malipo, tenganisha: vibali na malipo ya awali kwa benki, kilichobaki kwa kadi.

Benki nayo ina makato yake. Kwenye uhamisho wa SWIFT, yaani wa benki kwenda benki ya nchi nyingine, mtumaji anachagua OUR, SHA au BEN. Kwa OUR mtumaji analipa gharama zote. Kwa SHA mnagawana, na benki ya katikati inaweza kukata njiani, ukatumiwa dola 2,400 ikafika 2,370-na-kitu. Kwa BEN unabeba yote wewe. Andika kwenye ankara "tafadhali chagua OUR" na kiasi kinachotakiwa *kufika*. Usipoandika, wengi huishia SHA.

La pili ni mazoea. Mteja wa Ulaya au Uingereza hajazoea kuongezewa pesa kwa kutumia kadi yake binafsi, maana kule imekatazwa tangu Januari 2018. Hata kama sheria hiyo haikuhusu ukiwa Kabale, yeye ataona ni utapeli. Vilevile mikataba ya kadi mara nyingi inamkataza muuzaji kuongeza bei kwa sababu tu mteja ametumia kadi, au inaweka masharti: tangazo mapema, kisizidi gharama yako halisi. Soma mkataba wako kabla ya kuweka huo mstari. Punguzo kwa anayelipa benki kwa kawaida halina shida. Kwa wa nje basi namuunga mkono Jumla, bei iwe moja, makato yawe ndani.

Na hakikisha kiwango unachotumia ni cha kadi ya *nje*. Kampuni nyingi zina kiwango kimoja kwa kadi iliyotolewa hapa na kingine kikubwa zaidi kwa iliyotolewa ng'ambo.

La tatu ni kubadilisha fedha. Ukitoza kwa dola na ukalipwa kwa shilingi, makato hayajaisha kwenye 3.5%. Tuseme bei ya soko ni 3,650 na wewe umebadilishiwa kwa 3,580. Umekatwa 1.9% nyingine ambayo haimo kwenye ripoti ya makato hata kidogo. Kama kampuni inaruhusu kupokea kwenye akaunti ya dola, fungua akaunti ya dola.

Halafu kuna kupinga malipo (chargeback), yaani mwenye kadi kuiomba benki yake imrudishie pesa. Mwenye kadi kwa kawaida ana siku 120, na kwa safari hizo siku mara nyingi zinahesabiwa kuanzia tarehe ambayo huduma ilitakiwa kutolewa, si siku aliyolipa. Akishinda, wewe unarudisha kiasi chote, pamoja na ile nyongeza ya makato uliyomtoza, wakati makato ya mwanzo kampuni kwa kawaida hairudishi. Juu yake kuna ada ya mgogoro. Weka saini ya mteja, barua pepe za makubaliano na uthibitisho wa vibali pamoja, tayari kutumwa.

---

Koda_Arua

Upande wa programu sasa, maana hesabu sahihi huharibikia humu.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa programu, fungua dashibodi ya kampuni yako ya malipo uangalie nani amewekwa kubeba makato. Flutterwave kwa mfano ina mpangilio huo, na wengine wanao pia. Ukiuacha kwa mteja na wewe ukaweka mstari wako kwenye ankara, mteja anatozwa mara mbili. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote kwenye maduka ya mtandaoni. Kwa mwenye EFRIS ushauri wangu ni kuuweka kwa muuzaji na kuhesabu mwenyewe, kwa sababu kampuni ikimwongezea mteja kule kwenye ukurasa wake, ankara yako inasema kiasi kimoja na simu ya mteja inasema kingine.

Shilingi yetu haina senti. Kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX (shilingi ya Uganda) ina desimali sifuri. Kugawanya kwa 0.9646 kunazaa desimali, na ukituma 1223304.82 mfumo mmoja utaikataa, mwingine utaikata kimya kimya, na malinganisho yako yatagoma kwa shilingi moja. Panda juu hadi namba kamili, na mimi napendelea hadi 100 iliyo juu: 1,223,400. Ipandishe jumla ya mwisho kwanza, kisha urudi nyuma kupata VAT na mstari wa makato. Ukipandisha kila mstari peke yake, jumla haitakubaliana na EFRIS.

Kwenye WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni) tumia hook (mahali pa kuchomeka msimbo wako) ya `woocommerce_cart_calculate_fees`, soma njia iliyochaguliwa kutoka `chosen_payment_method` kwenye session, halafu `add_fee`. Sehemu ya tatu ya `add_fee` ndiyo inayosema kama nyongeza ina kodi. Weka `true`. Hapo ndipo maduka mengi yanapotoa mstari bila VAT bila mwenyewe kujua. Msingi wa hesabu uwe bidhaa pamoja na usafirishaji, watu husahau usafirishaji na kampuni ya malipo haiusahau. Mwisho, mteja akibadili njia ya malipo ukurasa haujihesabu upya wenyewe. Sikiliza badiliko la `payment_method` na uite `update_checkout`, la sivyo aliyehama kutoka kadi kwenda benki bado ataona makato ya kadi.

Kuthibitisha malipo: usimwamini mteja aliyerudi kwenye ukurasa wa "asante". Uliza seva ya kampuni, ulinganishe namba ya kumbukumbu, sarafu na kiasi. Kwenye majibu ya Flutterwave kuna `amount`, ambayo ni uliyoomba, `charged_amount`, aliyotozwa mteja, na `amount_settled`, itakayokufikia. Ukilinganisha ankara na `amount_settled`, kila malipo yataonekana pungufu. Ukitumia `charged_amount` wakati mteja anabeba makato, yataonekana yamezidi. Linganisha na `amount`.

Pesa za simu zina tabia yake: mteja anachelewa kuweka PIN, ombi linakwisha muda, anabonyeza tena, na mara nyingine yote mawili yanapita. Kila jaribio lipewe namba yake ya kumbukumbu, lakini zote zibebe namba moja ya ankara, ili ukiona mbili ujue ni malipo ya ziada na si ankara mpya. Ukirudisha la ziada, makato yake yamekuangukia wewe. Afadhali kiungo kijifunge chenyewe malipo ya kwanza yakithibitishwa.

---

Salon_Gulu

Sisi wadogo tusio na kiungo, mteja anatuma kwenye namba yangu na namwambia atume "na ya kutolea". Kuna ubaya?

---

Jumla_Kikuubo

Nyabo, kwa malipo ya 30,000 hakuna ubaya, kila mtu Uganda ameshazoea. Ila ujue ya kutolea ina vipande viwili: ada ya kutoa kwa wakala, ambayo inaenda kwa madaraja ya kiasi, na kodi ya serikali ya 0.5% ya kiasi unachotoa taslimu. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 ikiwa 1% ya kila muamala, watu wakapiga kelele, ikabaki 0.5% kwenye kutoa tu. Ukimwomba mteja ya kutolea kisha pesa ukalipia bidhaa palepale kwenye simu bila kuitoa, hiyo ni nyongeza ya bei, na mteja mwerevu atakuuliza. Pia ukikusanya ya wateja ishirini ukatoa mara moja, ada ya wakala ni ndogo kuliko jumla ya walizokutumia. Mimi ningekuwa wewe ningechukua namba ya MoMoPay (namba ya muuzaji ya kupokelea malipo ya MTN) na kuuza kwa bei moja.

---

FundiTovuti_Ntinda

La mwisho: nalipwa 50% mwanzo na 50% mwisho. Nagawanya mara mbili?

---

Koda_Arua

Makato yakiwa asilimia tupu haibadilishi kitu: gawanya jumla mara moja, kisha ukate nusu. Yakiwa na kiasi cha kudumu, kiasi hicho kinakatwa kila awamu, kwa hiyo kwa awamu mbili ongeza 500 mbili kabla ya kugawanya. Ankara kubwa ikigonga kikomo cha muamala cha pesa za simu, mteja atailipa vipande vipande, na kila kipande kina 500 yake. Na kama awamu ya kwanza ni simu, ya pili kadi, usitumie wastani. Kila awamu iwe na kigawanyo chake, 0.9646 kwa ya kwanza na 0.9587 kwa ya pili, na EFRIS yake.